Saruji ya Nyumba Moja

Ardhi ilipotikisika Julai ile ya 2007, Kalama nzima ilitoka nje ikicheka. Vikombe vilikuwa vimecheza kabatini, mbwa wakabweka, watu wakaulizana, na wewe umesikia? Nyumba mbili tu ndizo zilizoanguka, ya Kavutha na ya jirani yake Ndanu. Kwa Kavutha hakukuwa na mtu ndani. Kwa Ndanu, bintiye Linet alikuwa amelala na homa.

Maelezo yalifika haraka kuliko msaada. Redio ilisema ni volkano ya huko Tanzania. Mhubiri akasema ni dhambi, bila kusema za nani. Ndanu aliwasikiliza wote kwa hasira, maana alikuwa ameokota vipande vya ukuta uliomwangukia Linet na kuvisaga kwa vidole kama unga. Mchanga safi wa mto ulibebwa na malori kwenda kujenga Nairobi. Wao walijengea uliobaki, nusu yake udongo. Na saruji? Hiyo waligawana wenyewe. Mwethya, kikundi chao cha akina mama cha kujengeana nyumba, kilifanya hivyo miaka yote: saruji ya nyumba moja ilijenga mbili, ili asibaki mtu bila nyumba akimtazama mwenzake. Hakuna aliyeiba. Laiti angekuwepo mwizi, Ndanu angepata wa kumchukia.

Baada ya mazishi, kanisa lilimletea saruji ya kutosha nyumba moja imara, yake yeye na Mumo, mdogo wake Linet. Akina mama wakaja na majembe na karai zao. Mwenyekiti wao, Syokau, akaanza kutenga mifuko pembeni.

"Hiyo unapeleka wapi?" Ndanu akauliza.

"Kwa Kavutha."

"Acha hapo. Linet amekufa juu ya hii kugawa-gawa."

Syokau hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. "Wewe uko na mtoto mmoja sasa, mwaitu, mama yangu. Kavutha ako na watano, wanalala kwa hema ya nailoni. Ukitaka yote, chukua. Lakini hawa watu watarudi kwao."

Ndanu akawatazama wenzake. Hakuna aliyeinua jembe. Kavutha alisimama nyuma yao, mtoto mgongoni, macho chini. Ndanu alimchukia pale pale, kisha akajichukia mwenyewe, kwa sababu Kavutha hakuwa ameomba kitu. Peke yake angejenga nini?

"Haya, pelekeni," akasema.

Wakajenga wakiimba, wakala muthokoi aliowapikia, wakapiga vigelegele mlangoni. Ndanu akamshukuru kila mmoja kwa jina. Walipoondoka akafungia mbuzi ndani ya nyumba mpya, na yeye na Mumo wakaendelea kulala chini ya turubai. Watu wakasema msiba umemchanganya akili. Aliwaacha waseme.

Mvua za Novemba zilipoanza, Mumo akaanza kukohoa, na kikohozi kikakataa kuisha. Ndanu akawatoa mbuzi, akafagia, akaingiza godoro. Alitaka kumlaza mtoto mbali na ukuta. Akalivuta godoro huku, akalivuta kule, lakini chumba kilikuwa kidogo, na kila mahali palikuwa karibu na ukuta.