Ndoo ya Pumba

Msiniambie punda hana akili. Komando wangu hakuwa anakula kwa mkono wa mtu mwingine Nandagala nzima, ila wangu mimi, Masoudi.

Jana nilipotoka kupulizia mikorosho, nilisuuza juujuu tu ile ndoo niliyochanganyia dawa ya wadudu, nikamtilia pumba humo humo. Uvivu tu! Alinusa, akageuza kichwa. Nikamkuna shingo, nikambembeleza: “Kula, mwanangu, si ni mimi?” Akala yote.

Leo asubuhi bwana mifugo amemkuta amekauka, povu limejaa mdomoni. Akainusa ile ndoo, akaniuliza, “Huyu hakukataa hicho chakula? Punda husikia harufu ya sumu.”

“Alikataa,” nikamjibu. “Akala kwa sababu nilimwomba.”