Kitenzi cha Kwenda

Jeska alikuwa anasonga ugali jikoni kwao Mwitongo, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, anajifunza Kihispania. Kambi moja ya watalii kule Bunda ilitaka mwongoza wageni anayekijua, na usaili ulikuwa kesho yake. Kilichomtoa jasho ni kitenzi cha kwenda. Kitenzi gani hiki, kila ukikigeuza kinakuja na sura nyingine! Voy, vas, va. Alipolitamka lile la kwanza, naenda, bila kukosea, akajikuta stendi ya Bunda, mwiko mkononi.

Akapanda gari, akarudi. Mama yake alimsema kwa ugali ulioungua.

Kesho yake hakuhangaika na nauli. Alivaa sketi nyeusi, akasema voy, akatokea mbele ya meneja wa kambi. Hata hajakaa, ng'ombe wa mahari yake wakaingia. Luhende, aliyetaka kumwoa, alikuwa amewaleta kwa Mzee Mugeta, baba yake Jeska, na Jeska alikuja kuambiwa wakiwa wameshalala zizini. Wakamzunguka, wakaanza kucheua.

"Wako hawa?" meneja akauliza, akiokoa kikombe chake cha chai.

"Hapana, bosi. Ni wa mahari yangu."

"Basi kamalize kwanza ya nyumbani, dada."

Jeska alitoka kwa hasira. Kazi ile aliitaka, jamani! Tangu hapo hakutulia. Alikwenda Musoma, wakamfuata hadi sokoni. Alikwenda Kisorya, wakapanda naye kivuko, abiria wakasogea kuwapisha. Akajaribu iré, nitakwenda. Akawakuta wameshafika, wanamngoja. Akajaribu fui, nilikwenda. Akajikuta jikoni kwao, safari imeisha hata hajaiona.

Kiangazi kilipokaza, Mzee Mugeta alimwita uani.

"Mwanangu, hapa majani yameisha. Kwa kina Luhende, Suguti, mvua inanyeshaga. Hebu lisemee huko hilo neno lako, wanyama wapate kula."

"Na mimi, baba?"

"Si utakuwa umeshafika?"

Jeska alilia, akajipangusa kwa kanga, akalisema vizuri kabisa.

Jioni ile ng'ombe walikuwa Suguti, wamemzunguka, wanakula majani mabichi. Luhende akaja, akawapapasa mgongo mmoja mmoja, akawasifu walivyo watulivu. Mwishoni akamfikia Jeska.

"Naona wamekuleta," akasema.