Tiki ya Kijani

...na masomo saba ni mengi, aliyesema saba ni mengi hakusema uongo, lakini mkono umegoma kukata hata moja, kalamu imesimama juu ya fomu ya mtihani wa kidato cha sita tangu Mwalimu wa Taaluma alipoanza kukusanya mstari wa mbele, na sasa yuko dawati la tatu kutoka hapa, amekwama kwa yule msichana wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, wanabishana kuhusu picha, "Picha ya mtihani haichekwi, wewe!" na Redio anajibu, "Mwalimu, sijacheka, ndivyo mdomo wangu ulivyo," darasa zima linaangua kicheko isipokuwa yeye, yeye anatazama orodha aliyoijaza kwa mkono wake mwenyewe, historia, jiografia, fasihi, hayo ni yake, aliyachagua mwenyewe bila kusukumwa na mtu, halafu yanafuata fizikia, kemia, baiolojia, hisabati, na hayo ni ya dada, na dada ana miezi mitatu chini ya udongo... Mwalimu alimwambia jana mlangoni, kwa upole hasa, "Binti, hakuna mtu anayefanya masomo saba, utaanguka yote, kesho nataka fomu ina matatu," akaitikia ndiyo mwalimu, naye hata leo asubuhi amefungua daftari la fizikia kabla ya kunawa uso, maana nani atamwambia mama, mama ambaye siku ileile waliyotoka kuzika aliubeba mkoba wa dada mpaka kitandani kwa huyu aliyebaki, akauweka, akasema, "Usimwache mwenzio njiani," basi, hakuongeza neno, na neno la mama hulirudishi dukani kama kiatu kisichokutosha.

Walikuwa darasa moja ingawa dada alimzidi miaka miwili, maradhi yalimrudisha nyuma mara mbili, naye dada akasema afadhali, nitasoma na mdogo wangu, nimtese vizuri, na mateso yenyewe yalikuwa haya, kila mtu na masomo yake lakini lazima umfundishe mwenzio ulichosoma, kwa sababu ukiweza kumwelewesha asiyejua ndipo umejua, ukimaliza kusoma ukurasa unatia tiki yako pembeni, kisha unamweleza mwenzio jikoni au kwenye kufua, akielewa anatia yake ubavuni mwa ile ya kwanza, bluu ya mdogo, kijani ya dada, na dada hakuwa mtu wa kutia tiki ya huruma, lo, vita vya historia alivirudia mara nne huku anasuuza mashuka, dada anatikisa kichwa tu, "Bado. Walipigania nini? Sitaki tarehe, nataka sababu," mpaka machozi... "Basi nitoe meno yote?" ni Redio huyo, na Mwalimu, "Uyafiche, sio uyatoe!" ...wiki mbili baada ya mazishi alifungua daftari lake la historia, akakuta ukurasa alioutia tiki ya bluu usiku wa jana yake una na ya kijani, imelala kulia na mkia mrefu kama alivyotia dada, akalifunga haraka, akasema ni ya zamani, na ukurasa ameuandika jana... Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani, na kwa maneno gani? Keshoyake jiografia, mtondo fasihi, kijani, kijani, akajua tu kwamba dada amekasirika, anadai, wewe unasoma yako, yangu je, ndiyo maana akaanza yale manne, akayaandika kuanzia pale mwandiko wa dada ulipokomea, bluu juu ya bluu, huku anaogopa hadi kuoga akiwa peke yake.

Na kisa cha kemia, Mungu wangu, jaribio la mwezi uliopita, Mwalimu anasoma alama kwa namba za mtihani, anafika namba fulani, anataja ishirini na tatu, kisha anakwama hapo, hata Redio anafunga mdomo, kwa sababu kila mtu aliijua namba ile ni ya nani, naye ndiye aliyeiandika juu ya karatasi yake bila kujua anaandika nini, wala haikumuuma kuonekana amerukwa na akili, kilichomuuma ni ile ishirini na tatu, dada ambaye hajawahi kushuka themanini, maiti amelala zake kwa amani wewe unamfelisha! alilia chooni mpaka kengele... tangu hapo hakuna aliyethubutu kukaa upande wa pili wa dawati lake, mahali pa dada, na ubao wake una joto, sasa hivi ameweka kiganja na una joto, ni jua, ni jua la dirishani tu, ila dirisha liko upande wake yeye, na upande wake ubao ni wa baridi. Akaondoa kiganja. Akafungua mkebe, kalamu ya kijani imo, ile waliyorudishiwa kutoka hospitali pamoja na kandambili, na labda ni mimi, anawaza, kama niliandika namba bila kujua basi na tiki natia mwenyewe bila kujua, ingekuwa hivyo angeshukuru, wazimu una dawa, akaijaribu kwenye kiganja, haitoki kitu, akakandamiza mpaka ngozi ikauma, kavu, na hapo akakumbuka, aliisahau kabisa siku ile, dada kitandani anaikung'uta kalamu, anaandika hewa, anacheka kwa shida, "Hii imenitangulia."

Basi ni nani... "Piga nyingine, leta kesho." "Kesho nitakuwa na sura ileile, Mwalimu!" ...akavuta daftari la kemia afunue tu kurasa alizoandika yeye, mikono iwe na kazi, bluu, bluu, bluu, la fizikia, bluu peke yake ukurasa hadi ukurasa, baiolojia, hisabati, miezi miwili na zaidi ya jasho na hakuna kijani hata moja, hata nukta, akarudi kwenye historia, bluu na kijani, jiografia bluu na kijani, ukurasa mmoja tu umekosa, akautazama, ni ule alioandika huku anasinzia, hata yeye hauelewi, kwa hiyo hakutiwa tiki ya huruma, na hapo damu ikamsimama, kisha ikaanza kwenda polepole kwa njia nyingine, kwa sababu kijani maana yake haikuwahi kuwa nipe changu, we mjinga we, kijani maana yake ni nimekusikia, nimeelewa, endelea, na miezi yote hii dada alikuwa anakaa hapa kusikiliza historia, yake mwenyewe hakuyataka, ameyaacha, ni sisi tuliomfuata nayo mikononi... woga haujaisha, ila sasa anamkumbuka, anamkumbuka vibaya mno, na mama ataambiwa, leo, mezani, alie anavyotaka kulia. Akakata fizikia. Mkono ukakubali. Akakata kemia, akakata baiolojia, akakata hisabati, kisha mwisho wa orodha, pembeni, akatia tiki ya bluu, akaacha nafasi ya upana wa kidole, akaisogeza fomu kidogo kuelekea ule ubao wenye joto, na Mwalimu bado yuko dawati la tatu anauliza kama huko nyumbani kwao Redio hakuna kioo, na yeye akageuza uso, akatazama dirishani, asije akamharakisha dada.