Mafuta kwenye Vitufe vya Lifti

Lifti ya hospitali ilikuwa imekufa miezi minane, na kikundi cha maombi kikaona kwamba dawa yake ni mafuta. Walikuja siku ya Jumatano, wanawake kumi na wawili wenye vitambaa vyeupe kichwani, wakaishika milango ya chuma, wakakemea, wakaimba, kisha wakaamua kila kitufe kipakwe mafuta yaliyoombewa, kuanzia chini hadi ghorofa ya nne. Aliyepaka alikuwa mgonjwa, hana nguvu za kutembea. Aliyembeba mgongoni ghorofa kwa ghorofa ili apake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Winchi, ambaye alisonya njia nzima.

Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ni jina alilopewa na wauguzi. Alikuwa mmoja wa wabeba machela wanne wa hospitali ile, na tangu lifti ife walipandisha watu kwa ngazi: waliovunjika, waliozimia, waliopasuliwa jana yake. Kazi hiyo ilimfanya amdharau karibu kila mtu. Alimdharau mganga mkuu, aliyejipatia ofisi chini, karibu na mlango wa kutokea, na kuzungumzia ghorofa ya nne kama nchi ya mbali aliyoisoma shuleni. Alimdharau fundi lifti na kesho kutwa yake isiyofika. Lakini watu wa maombi walimtia kichefuchefu hasa. Wengine angalau walikuwa wavivu kimyakimya. Hawa walikuwa wavivu kwa sauti ya kwanza na ya pili.

Wiki iliyofuata, maajabu, fundi lifti akatokea. Akafungua kibao cha vitufe, akakuta mafuta yametiririka mpaka kwenye nyaya, akakifunga tena.

"Hii mmeikaanga," akasema. "Mimi ni fundi, si mpishi."

Akabeba mkoba wake, akaenda zake. Mganga mkuu akapata kisingizio alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo, akabandika tangazo ukutani: lifti imeharibiwa na waumini.

Winchi alipanda na habari hiyo mpaka juu kwa dada yake, meno yote nje.

"Dada, Mungu wenu amejibu. Anasema mmemuunguzia nyaya."

Dada hakucheka wala hakukasirika. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na mara tatu kwa wiki ilibidi ashushwe kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu. Mashine zilikuwa tatu tu, na utaratibu ulikuwa mmoja: mwenye kitanda ghorofa ya nne ndiye mwenye zamu. Ukipoteza kitanda, umepoteza mashine, na asiye na mashine hamalizi wiki mbili. Winchi alilijua hilo kuliko alivyojua sala yoyote. Kwa hiyo hakumwachia mtu dada yake. Alimbeba mwenyewe, ngazi themanini na nane, na Dada alizoea kumwombea magoti yake huko huko mgongoni.

Safari hii alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, alipotolewa kwenye mashine na Winchi akainama ampakie, akasema, "Leo sipandi."

"Hupandi unakwenda wapi?"

"Nitandikie pale." Alinyoosha kidole kwenye sakafu, mbele ya mlango wa mganga mkuu.

"Umechanganyikiwa."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa nilipokuwa napaka mafuta. Nimekaa na Mungu siku mbili, mdogo wangu, naona aibu tu. Nilikuwa namsumbua kwa kazi ambayo ina mtu wake, ana ofisi, ana mhuri. Nitandikie."

Winchi akakataa katakata. Wanawake wawili wa maombi ndio waliotandika godoro. Kufikia asubuhi magodoro yalikuwa saba, ya wagonjwa wa ghorofa ya nne walioshushwa kwa mashine au kwa picha za eksirei na kukataa kurudi juu mpaka lifti itengenezwe. Wale wanawake waliwaogesha, wakawalisha, wakamwaga vyombo vya haja vya watu wasiowajua hata ukoo. Hilo nalo lilimkera Winchi. Miezi minane wamekuwa na mikono miwili kila mmoja, ndiyo kwanza leo wanaigundua! Na waliimba. Kulikuwa na mmoja aliyeimba vibaya kiasi kwamba Winchi aliamini anafanya kusudi.

Saa tano asubuhi mganga mkuu alitoka, akaruka godoro moja, akasimama katikati ya mengine.

"Wapo wanaosubiri vitanda," akasema. "Ikifika saa sita, asiyekuwa kitandani kwake, kitanda kinapewa mwingine." Akamgeukia Winchi. "Wewe. Anza na dada yako. Hawa wengine watafuata."

Winchi alimjua. Mtu yule alikuwa mwongo wa lifti, lakini kwa vitanda hakuwa anatania. Akainama, akamwinua dada yake, ambaye hakuwa na uzito wa kumshinda mtu.

"Mdogo wangu, usinifanyie hivi," Dada akasema.

Akamfanyia. Nyuma yake wimbo ulikatika, hata yule mwimbaji mbovu akanyamaza, na Winchi akawachukia kwa kimya chao kuliko kwa nyimbo zao. Nani amewapa haki ya kumtazama namna ile? Dada ni wake. Alipanda bila kupumzika, akamlaza, akamfunika mpaka kifuani.

"Kitanda kimepona," akasema akihema. "Nichukie, lakini nichukie ukiwa hai."

"Sikuchukii. Nirudishe."

"Dada!"

"Wale sita wamekaa kwa sababu niliwaambia nitakaa nao. Nikilala hapa, basi yale magodoro ni mafuta mengine tu."

"Utakufa. Si kufa kwa mahubiri, utakufa kweli, na mimi ndiye nitakayekushusha kwenye machela."

"Najua. Naogopa, usidhani siogopi." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Lakini siwezi kuomba tena nikiwa hapa juu. Nimejaribu. Maneno hayatoki."

Akatupa shuka, akateremka kitandani, miguu ikakataa kumbeba, akakaa sakafuni. Akajivuta kwa makalio mpaka ukumbini, akafika kwenye ngazi, akashuka ya kwanza. Winchi alimtukana. Dada akashuka ya pili. Kila ngazi alitaja jina la mgonjwa mmoja wa wodi yake, na majina yalipokwisha akaanza upya. Winchi akang'oa godoro kitandani, akalitia kichwani, akamfuata nyuma. Kwa kila jina alijibu na tusi: la mganga mkuu, la fundi, la kikundi, la figo. Ghorofa ya pili wabebaji wenzake watatu walikuwa wakipanda na machela tupu. Wakasimama, wakajibana ukutani kumpisha yule mwanamke, kisha wakageuza, wakashuka nao.

Chini, mganga mkuu alikuwa akitazama saa.

"Nilikwambia umpandishe!"

"Nilimpandisha," Winchi akasema. "Kashuka mwenyewe."

"Mpandishe tena."

Winchi akabwaga godoro, akamkalisha dada yake, akakaa pembeni yake. Wenzake watatu wakaegemeza machela ukutani, nao wakakaa. Yule mwimbaji mbovu akafungua mdomo kwa furaha.

"Wewe usianze," Winchi akamwambia. "Mimi sijaokoka. Nimechoka tu."

Saa sita ilipotimia, muuguzi akafuta jina la Dada kwenye orodha ya ghorofa ya nne, akaandika jingine. Mwenye jina hilo alikuwa mama mmoja aliyevimba miguu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mapokezi, faili mapajani. Wakamsukuma mpaka kwenye ngazi, na hapo safari ikaishia. Mganga mkuu aliwaita wabebaji mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akiwa anakaribia kubembeleza. Hakuinuka mtu.

Mama yule akayatazama magodoro, hajui lolote.

"Samahani, dada zangu," akauliza. "Ndiyo hapa mnasubiri lifti?"

"Ndiyo hapa," Dada akasema, akajivuta kando kumwachia nusu ya godoro.

Winchi akasema katika maisha yake hajawahi kuona ujinga kama ule. Kisha akasogea.