Karanga za Kizuizini

Daulat alikuwa akisema, na alisema mbele za watu, kwamba Toronto nzima hapakuwa na wa kumshinda kwa kujua karanga mbovu: yeye hunusa gunia mara moja, basi, amemaliza. Kisha, kabla hujampa sifa zake, huongeza mwenyewe kwamba tangu mafua ya mwaka juzi pua yake haisikii kitu, na kwamba wiki iliyopita aliunguza maharage akiwa amekaa mbele ya sufuria, mpaka king'ora cha moshi kilipompa habari.

Ndiyo sababu mwanawe Yusufali hakumwacha mama yake nyumbani peke yake na jiko. Kila asubuhi alimpakia garini kutoka Richmond Hill, akamteremsha ghalani kwake Don Mills, akamkalisha kwenye kiti chenye mto karibu na hita. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu katika safu ya vyumba vya namna hiyo, kila kimoja na mlango wake wa chuma. Yusufali aliagiza vyakula kutoka nyumbani, na nyumbani kwake ni Tanga, ingawa aliiacha akiwa na miaka sita. Alileta mchele na choroko, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, karanga za kukaanga, katoni sitini.

Katoni zilifika Jumatatu. Jumanne akafika mkaguzi wa vyakula, mama wa makamo aitwaye Nyaboke, mtu wa Kisii, amevaa viatu vizito vya theluji na koti lenye mifuko mingi. Akachukua pakiti chache kutoka katoni tano, akabandika karatasi nyekundu juu ya rundo, akaanza kumweleza Yusufali kwa Kiingereza: mpaka majibu yatoke, karanga zisihamishwe, zisifunguliwe, zisiuzwe, wala asipewe mtu.

Daulat, ambaye Kiingereza hukielewa pale anapotaka kukielewa, akauliza kwa Kiswahili kutoka kitini kwake, "Hata kuonja?"

Nyaboke akageuka, akamtazama, akajibu kwa lugha ileile. "Hata kuonja, mama."

"Sasa nyinyi mtajuaje kama ni nzuri?"

"Tunazisaga, tunazipima kwa mashine. Tunatafuta sumukuvu, sumu ya ukungu."

"Mngeniambia, ningewanusia bure."

"Hainuki, mama. Haionekani, haina ladha. Karanga inaweza kuwa nzuri kabisa kwa sura, kumbe ndani ina sumu."

"Kama marehemu mume wangu," alisema Daulat.

"Ma," alisema Yusufali.

Nyaboke alicheka kwa puani, kisha akarudia sauti yake ya kazi. "Kitu kimoja mkielewe. Ikipungua pakiti, sitahangaika na nani kaiba. Nitataka kujua ni nani amekula, ili nimwambie. Ndiyo maana ya hiyo karatasi."

Yusufali akatia sahihi. Lakini kwanza alisoma kila mstari mara mbili, na alikuwa na sababu. Mwaka jana alileta halua ambayo kibandiko chake hakikutaja kwamba ndani mna korosho, akapokea barua ya onyo la mwisho. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimweleza mama yake jambo lilelile.

"Kosa moja tu, Ma, leseni imekwenda. Nafunga ghala."

"Nimesikia."

"Usiziguse."

"Yusufali, mimi nilikuzaa. Nikiambiwa nisiguse kitu, naelewa."

Na kweli alielewa. Shida ilikuwa bakuli la Moïse.

Moïse alikuwa fundi wa mafriji, mwenyeji wa Bukavu, na chumba chake kilipakana na cha Yusufali. Siku moja kabla ya karanga kufika alileta bakuli la bati lenye maua ya buluu, limejaa majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. "Bibi yangu amekutumia sombe, Mama Daulat," alisema, na bibi kwao ndiye mke. Daulat aliiita kisamvu, akakila chote, akaosha bakuli, akaliweka rafuni.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Huko alikokulia Daulat, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenyewe asilete tena, na umemwambia mbele ya watoto wake. Lakini angetia nini? Jikoni alikuwa amepigwa marufuku. Mkwewe Farhat alipika tambi za Kitaliano ambazo Daulat asingempelekea hata mtu waliyegombana. Ghalani palikuwa na mchele na choroko, lakini nafaka mbichi ndani ya bakuli ni sadaka, hupewa maskini, na Moïse alikuwa na magari mawili.

Siku ya tisa Moïse alichungulia mlangoni. "Mama Daulat, bakuli letu lingali hai?"

"Hai, tena limenenepa."

Moïse alicheka akaenda zake. Daulat hakucheka. Mtu akishauliza bakuli, hata kwa mzaha, maji yamefika shingoni.

Kesho yake Yusufali alikwenda kumwona mteja. Daulat akangoja mpaka gari lipinde kona, akaamka kitini, akaenda kwenye rundo. Amri ya ile karatasi nyekundu hakuidharau hata kidogo. Aliona tu kwamba imeandikwa na watu wasiojua habari za bakuli. Akachagua katoni ya safu ya chini, kule ukutani ambako hakuna anayefika, akatoa pakiti mbili, akaifunga vizuri kuliko ilivyokuja. Karanga akazimwaga bakulini, zikajaa kwa kilima, akavuka barafu kwa hatua za kuku mpaka mlango wa pili. Watoto watatu wa Moïse walikuwapo, wametoka shule. Daulat hajarudi kitini, karanga zimekwisha.

Alikaa kwenye hita akiwa na amani ya siku nyingi. Amani hiyo ilidumu mpaka Alhamisi.

Alhamisi Nyaboke alirudi. Katoni nne kati ya zile tano zilikuwa safi, alisema, lakini ya tano imeukaribia mno mpaka unaoruhusiwa. "Siwezi kusema ni nzuri, siwezi kusema ni mbaya. Nachukua nyingine, za safu hiyohiyo ya chini. Hakuna aliyezigusa?"

"Hakuna," alisema Yusufali. "Naapa." Na aliapa kwa moyo mweupe, maana hakujua kitu.

Nyaboke akapiga magoti, akaivuta katoni ya ukutani.

Daulat akakumbuka vidole vya wale watoto watatu, jinsi vilivyong'aa chumvi. Akamtazama mwanawe, aliyesimama mikono nyuma kama mtu anayepigwa picha. Akataka kusema. Lakini alipofungua mdomo alimwona Nyaboke ameshika karatasi na kalamu, na juu ya karatasi limeandikwa jina la Yusufali, akaufunga.

Nyaboke alikata utepe, akawa anatoa pakiti mojamoja akizipanga sakafuni na kuzihesabu. Alipofika ishirini na mbili akapapasa, mkono ungali ndani ya katoni. "Nje imeandikwa ishirini na nne."

"Panya," alisema Daulat.

Wote wawili wakamgeukia.

"Ma, hapa hakuna panya."

"Yuko. Nimemwona kwa macho yangu. Mkubwa, mkia hivi."

Kule Tanga, nyumbani kwa Daulat, panya alikuwa amebeba lawama za sukari, za nyama ya Idi, na mara moja za hereni ya wifi yake, na hakuwahi kukana. Daulat hakuwa na habari kwamba Kanada panya huyo ana hadhi nyingine.

Nyaboke alisema polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma. "Mama, pakiti mbili zikipotea, kuna maelezo, tunaandika, tunaona. Panya kwenye ghala la chakula, nafunga huu mlango leo hii. Mchele wote unaouona unakwenda kutupwa. Unasema umemwona panya?"

Yusufali alikuwa amegeuka rangi ya choroko. Daulat akaona amekosea, akaona pia kwamba pa kutokea hapaoni, maana neno alikuwa amekwisha kulitoa na mkia wake.

"Mdogo," alisahihisha. "Panya mdogo. Wa kupita tu."

"Wa kupita."

"Hata hakukaa."

Nyaboke akautoa mkono katonini. Vidoleni alishika karatasi iliyokunjwa ikakunjika, ya rangi nyingi. Akaifungua juu ya goti lake, akailainisha. Lilikuwa tangazo la duka kubwa la pale karibu, lenye picha ya bata mzinga wa Krismasi, na tarehe ya wiki ileile. Akageuza katoni, akasoma ubavuni: imefungwa Tanga, mwezi wa tisa. Akavuta ncha ya utepe kwa kucha. Chini yake palikuwa na utepe mwingine, wa zamani zaidi.

"Basi, mama," alisema, "huyu panya mdogo wa kupita, alipokwisha kula, alichukua tangazo la bata mzinga la wiki hii, akalikunja mara nne, akaziba pengo lisiite watu, akatoka nje, akabandika selotepu juu ya selotepu." Akabonyeza kalamu yake. "Kampelekea nani hizo karanga?"