Wana Watatu wa Kuluthum

Kuluthum alikuwa na mwana mmoja tu, Mussab, na kazi ya Mussab ilimtia haya. Kijana alikuwa Japani, katika timu ndogo ya besiboli, akilipwa kurusha mpira. Skuli hakuwahi kucheza mchezo wowote. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi na miwani. Alichojua ni kuwapiga mawe kunguru waliodokoa samaki wa mamake uani, pale mtaani Junda, na hakukosa. Mhandisi wa Kijapani aliyekuwa na kazi bandarini Kipevu alimwona siku moja, akamwomba arushe tena. Mwaka uliofuata Mussab alipanda ndege.

Sasa huingizwa mchezo ukikaribia kwisha, akarusha mipira michache, kisha hurudi kwenye benchi kutafuna mbegu na kutema maganda. Mashabiki humwita Kunguru, na akiingia uwanja mzima humlilia kama kunguru. Katika picha alizotuma alikuwa amevaa suruali nyeupe iliyombana mapaja. Kuluthum alizifuta zote.

"Mama, waambie watu," Mussab alimwomba kwa simu.

"Niwaambie nilikusomesha ukatupe mawe?"

Basi kila aliyeuliza alijibiwa lililokuja mdomoni.

Kisha Mussab akamtaka Salsabil, binti wa mtaa wa Mjambere. Posa ikapelekwa, na kama ilivyo ada, upande wa mke wakaomba muda wa kupeleleza. Wanawake wao walipita Junda nyumba kwa nyumba. Kuluthum hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa mwanawe si mlevi wala si mwizi. Alipoitwa Mjambere kupewa jibu, alivaa buibui jipya.

Shangazi wa Salsabil, Bi Swafiya, alimtilia kahawa, akangoja amalize.

"Bi Kuluthum, una wana wangapi?"

"Mmoja."

"Sivyo tulivyosikia. Jirani yako Mueni atwambia mwanao ni mhandisi wa meli. Mwenye duka la vitambaa asema ni mpishi wa hoteli. Na mke wa imamu asema yuko Madina, asomea dini. Twauliza, aliyeposa ni yupi?"

Nyuma ya pazia mtu alichekea kwenye leso. Kuluthum aliangalia mkeka.

"Hucheza mpira," alisema.

"Wa miguu?"

"Wa kurusha. Mwengine hushika gongo. Mussab hurusha ili yule asiupate."

"Akiupata?"

"Mussab hutolewa."

"Hukaa akalipwa vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo."

"Ni riziki ya halali. Sasa ulikuwa ukificha nini?"

"Suruali," Kuluthum akajibu, uso ukimwaka.

Bi Swafiya hakucheka. "Kijana hana neno. Lakini binti yetu hatumpeleki nyumba ambayo mama mkwe ana majibu matatu kwa swali moja. Ijumaa tutapeleleza tena. Nyumba zile zile."

"Hata kwa mke wa imamu?"

"Kwake ndiko tutakakoanza."

Basi Kuluthum naye alianzia huko, jioni ile ile, kabla moyo haujamgeuka. Mke wa imamu alimfungulia kwa furaha.

"Karibu, mama wa shekhe. Mtoto aendeleaje na masomo? Twamtaraji atusalishe Ramadhani."

Kuluthum alivua viatu, akaingia, akakataa kiti.

"Niletee mwiko, dada," alisema. "Na limau moja. Nikuonyeshe hayo masomo yake."