Nati ya Nne

Kulipoanza kupambazuka kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetema jikoni. Nekoye alikuwa ameinjika chai, akaisahau. Saa tatu asubuhi hiyo dada yake Nasambu angepasuliwa hospitalini Bungoma, naye mwenyewe bado yuko Kitale kwa binti yake Pauline, aliyejifungua kwa upasuaji.

Nje, mkwewe Kemboi alikuwa amepiga magoti kando ya pikapu. Gari lilikuwa limeinuka sana, na goti la Nekoye bovu. Pauline na mshono wake hangeweza kumwinua, na kwa Wabukusu mkwe hamgusi mama mkwe, wala hawatazamani. Basi Kemboi, bila kuambiwa, alikuwa amechomelea ngazi ya chuma, sasa akiifunga chini ya mlango.

Bati la hapo lilikuwa jembamba, na mkono haufiki nyuma yake kushika nati. Alitoboa tundu, akatia nati yenye umbo la mrija, akaivuta kwa kifaa chake cha mikono mirefu mpaka ikavimba kwa nyuma na kung'ang'ania bati kama kupe. Tatu zikashika. Ya nne ikazunguka pamoja na bolti. Haraka ilikuwa imemtobolesha tundu pana.

"Pauline," Nekoye akasema barazani, uso kauelekeza kwenye mahindi, "mwambie mumeo tatu zinatosha. Hata chungu hukaa kwa mafiga matatu."

"Mwambie Mama chungu hakina goti bovu," Kemboi akajibu.

Dirishani, Pauline alicheka huku ameshika tumbo. "Mtanipasua tena, bana! Si msemezane tu?"

Nekoye hakucheka. Alikwenda hadi langoni, akarudi. Akaenda tena. Ile nati ilibidi ikatwe kwa drili, na mtu aibane ukingo isizunguke. Kemboi alijaribu peke yake. Koleo likateleza, likamchuna kidole. Akafuta damu kwenye suruali. Ndipo Nekoye alipoviona vidole vile, vimejaa madoa mapya ya moto wa kuchomelea.

Akaburuta kigoda, akaketi kando ya gurudumu.

"Lete hilo koleo."

Kemboi aliduwaa, akalilaza chini ili Nekoye alichukue mwenyewe. "Bana sana, Mama."

"Nimeshika majogoo wa kuchinjwa Krismasi miaka hamsini. Wewe toboa."

Drili ikanguruma. Kemboi akaisimamisha, akavua kofia yake, akaufunika nayo mkono wa Nekoye ili vipande vya moto visimfikie, kisha akaendelea. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nati nene zaidi ikaingia, ikashika. Kemboi akaifunga ngazi, akairukia kwa uzito wake wote mara tatu. Halafu, Nekoye alipoanza kupanda, akageuka kuutazama Mlima Elgon, asigeuke tena mpaka aliposikia mlango umefungwa.

Njia nzima hadi Bungoma Nekoye alikanyaga sakafu ya gari, kana kwamba breki na mafuta vyote viko miguuni pake.

Walimkuta Nasambu kitandani, kofia ya upasuaji imemfika kwenye nyusi.

"Nani amekuleta?"

"Kemboi. Yuko pale mlangoni, ananiogopa."

"Hata mimi nakuogopa," Nasambu akasema, akatabasamu kidogo. Aliushika mkono wa dada yake, akaugeuza. "Na hii grisi?"

"Nitakueleza."

Muuguzi akaanza kusukuma kitanda. Nasambu hakuuachia ule mkono. Nekoye akachechemea kando yake hadi kwenye mlango usioruhusu wageni.

"Kesho uje tena," Nasambu akasema. "Nekoye, unasikia? Uje tena."